Istilahi za Maombi ya Ruzuku ya Utafiti wa Afya

Utangulizi

Shabaha ya makala haya ni kuchambua baadhi ya maneno yanayotumika pale mtaalamu anapoiomba Serikali fedha za kufanyia utafiti au ubunifu katika uwanja wa afya. Yumkini msomaji atadhani kwamba jambo hili ni la madaktari na wahasibu peke yao. Sivyo. Andiko la kuombea fedha hupita katika mikono mingi. Mtafiti huliandika, mfasiri hulifasiri, kamati hulipima, mhasibu hulitafutia kasma, afisa wa wilaya huligongea muhuri, na mwishowe mhojaji husimama mlangoni pa mwananchi akiwa na karatasi iliyotokana na andiko hilo hilo. Ikiwa neno moja limebeba maana tatu katika safari hiyo, kila mtu atachukua ile iliyo karibu naye, na wa mwisho katika msafara, yaani mwananchi, ndiye atakayebaki na hasara.

Sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa ilitungwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata, 1968, ikatungwa sheria iliyounda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililojulikana zaidi kwa jina fupi la UTAFITI. Hivyo lugha na utafiti vilipatiwa vyombo vyake karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1979 ikaundwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na sheria ya mwaka 1986 ikaunda Tume ya Sayansi na Teknolojia kushika nafasi ya UTAFITI. Tume hiyo ndiyo inayosimamia Mfuko wa Taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, ambao husaidia watafiti na wabunifu wa fani mbalimbali. Wenzetu wa Kenya nao, kwa sheria ya mwaka 2013, waliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Vyombo basi vipo. Ambalo halijakamilika ni mapatano juu ya maneno, maana hata leo maandiko mengi ya utafiti huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na Kiswahili huitwa mwishoni, kwa haraka, wakati wa kutayarisha karatasi ya kusomewa mwananchi.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano wa kubuni. Daktari mmoja wa hospitali ya wilaya ameona kwamba wajawazito wengi wanaofika kliniki wana upungufu wa damu. Anataka kuchunguza kama vidonge vya madini ya chuma vikitolewa kwa utaratibu mpya vitawafaa zaidi. Amesoma tangazo la Serikali linalowaalika wataalamu kuomba fedha. Tumfuate daktari huyu tangu anaposhika kalamu.

1. Maneno ya fedha

Neno la kwanza linalomkabili ni ruzuku. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupatia pia neno riziki. Katika usemi wa kawaida Mwenyezi Mungu huwaruzuku waja wake, yaani huwapa pasipo kuwadai. Matumizi ya kiserikali yameihifadhi maana hiyo: ruzuku ni fedha inayotolewa kwa kusudi maalumu bila sharti la kuilipa. Hata hivyo neno hili lina kazi nyingi. Tunayo ruzuku ya mbolea, ruzuku ya vyama vya siasa, na ruzuku ya shule. Hatuoni sababu ya kulikimbia na kubuni neno jipya. Linalotupasa ni kulifunga kwa maneno yanayolifuata, tuseme ruzuku ya utafiti au ruzuku ya ubunifu, ili asitokee mtu wa kuuliza ni ruzuku gani.

Maneno yafuatayo yasichanganywe na ruzuku:

(a) Mkopo ni fedha ya kulipwa. Jambo hili ni wazi, lakini tangazo linalosema kwamba wabunifu "watawezeshwa" bila kutaja kama ni kwa ruzuku au kwa mkopo limemnyima msomaji habari aliyoihitaji kuliko zote.

(b) Mtaji ni fedha inayowekwa katika shughuli kwa matumaini ya kuzaa faida. Mbunifu anayetaka kutengeneza kifaa cha kupimia damu na kukiuza anaweza kuhitaji ruzuku mwanzoni na mtaji baadaye. Hizo ni hatua mbili, na kila moja ina masharti yake.

(c) Ufadhili ni tendo la kubeba gharama za mtu au shughuli, na mfadhili aweza kuwa Serikali, shirika au nchi ya nje. Ufadhili ni jina pana, na ruzuku ni aina moja ya ufadhili. Kwa hiyo fomu ikiuliza "vyanzo vingine vya ufadhili", mwombaji ataje vyote, hata kama mmojawapo ni hospitali yake inayomruhusu kutumia maabara bila malipo.

(d) Msaada ni neno zuri, lakini halina mipaka. Nauli ya gari ni msaada, na ushauri ni msaada. Katika hati ya fedha tunashauri liepukwe.

Baada ya hapo daktari wetu anakutana na maneno ya mhasibu. Fedha za Serikali hugawanywa kwa mafungu. Wizara ya Afya, kwa mfano, ina Fungu 52. Ndani ya fungu kuna kasma, ambazo ndizo sehemu ndogo zinazotengewa matumizi maalumu. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mtafiti anayepanga kazi ya miezi 12 kuanzia Januari hana budi kufahamu kwamba kazi yake inakanyaga miaka miwili ya fedha, na gharama zake azigawe hivyo hivyo. Tunapendekeza pia kwamba neno makisio litumike kwa hesabu anayoileta mwombaji, na neno bajeti litumike kwa hesabu iliyokwisha kukubaliwa. Kwa njia hiyo hakuna atakayedai kwamba "bajeti" yake imekatwa, kumbe yalikatwa makisio tu.

Neno jingine ni masurufu. Wazee walilitumia kwa matumizi ya nyumbani au ya safari. Serikalini ni fedha anayokabidhiwa mtumishi kabla ya kazi, naye akaitolea hesabu kwa stakabadhi kazi inapokwisha. Posho ni jambo jingine: hiyo ni stahili ya mtu kwa siku alizokuwa kazini nje ya kituo chake. Anayeandika "posho" mahali pa "masurufu" ataonekana kuwa ametumia mwenyewe fedha iliyokuwa ya kununulia chupa za maabara. Hilo si kosa dogo mbele ya mkaguzi.

2. Maneno ya andiko

Hati inayoeleza utafiti unaokusudiwa huitwa na wengine pendekezo la utafiti, na wengine andiko la utafiti. Sisi tunaelemea neno andiko kwa sababu moja ya wazi. Kila taarifa ya utafiti humalizika kwa sehemu ya mapendekezo, ambamo mtafiti anaishauri Serikali cha kufanya. Tukiita hati ya mwanzo pendekezo na ushauri wa mwisho mapendekezo, tutakuwa tumefunga mlango wa kuingilia na wa kutokea kwa ufunguo mmoja. Ombi nalo libaki kuwa barua au fomu inayoambatana na andiko.

Ndani ya andiko kuna lengo kuu na malengo mahususi. Maneno kusudi, madhumuni, shabaha na azma ni mazuri katika insha, lakini katika andiko yanamchosha mhakiki, ambaye hubaki akijiuliza kama shabaha ya ukurasa wa 3 ndiyo madhumuni ya ukurasa wa 7. Mwandishi achague neno moja alishike mpaka mwisho. Mwalimu wa insha huwafundisha wanafunzi wasirudie neno. Mwandishi wa andiko hupaswa kulirudia bila aibu.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno matokeo. Wafasiri wengi hulitumia kwa mambo manne yaliyo mbalimbali. Kwa mfano wetu, la kwanza ni yale yaliyobainika baada ya kupima na kuhesabu, mathalani kwamba wajawazito kadhaa walikuwa na upungufu wa damu. La pili ni vitu vilivyozalishwa na mradi, kama vile wauguzi waliofunzwa au mwongozo uliochapwa. La tatu ni mabadiliko yaliyotokea kwa watu, yaani wajawazito kuvimeza vidonge ipasavyo. La nne ni faida ya muda mrefu, yaani akina mama kujifungua salama. Tunapendekeza la kwanza liitwe matokeo, la pili mazao, la tatu mabadiliko, na la nne manufaa ya kudumu.

Baadhi ya waandishi huliita hilo la nne athari. Asili ya neno hili ni alama au nyayo iliyobaki baada ya kitu kupita, na kwa asili hiyo halina ubaya. Lakini katika Kiswahili cha leo aliyeathirika ni aliyepatwa na dhara. Mwanamke akisomewa kwamba mradi "utakuwa na athari kubwa kwa wajawazito wa kijiji hiki", ana haki ya kuchukua mwanawe na kuondoka. Katika karatasi ya mwananchi tuseme waziwazi manufaa, na pale penye hatari tuseme waziwazi madhara. Wanataaluma wakipenda kuandikiana athari wao kwa wao, na waandikiane.

Hali kadhalika tutenganishe mhakiki na mkaguzi. Mhakiki ni mtaalamu wa fani hiyo hiyo anayelisoma andiko na kulitolea hukumu ya kitaaluma kabla fedha hazijatolewa. Mkaguzi huangalia hesabu baada ya fedha kutumika. Barua inayomwambia daktari kwamba andiko lake "litakaguliwa" inamtia hofu isiyo na sababu.

3. Ugunduzi, uvumbuzi na ubunifu

Siku hizi matangazo ya ruzuku hutaja "utafiti na ubunifu" kwa pamoja, na waombaji wengi hawajui wajiweke upande upi. Maneno matatu yanahitaji mipaka.

Kugundua ni kufahamu jambo lililokuwapo lakini lilikuwa halijajulikana. Mwaka 1897, huko Secunderabad nchini India, Ronald Ross alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu hakuviumba, bali alivigundua. Kuvumbua, kwa maana tunayoipendekeza, ni kutengeneza kitu au njia ambayo haikuwapo. Chanjo ya ndui aliyoijaribu Edward Jenner mwaka 1796 ilikuwa uvumbuzi. Uvumbuzi ndio unaolindwa kwa hataza. Ugunduzi hauna hataza, kwa kuwa hakuna awezaye kumiliki mbu wala kijidudu.

Ubunifu ni kuifanya njia mpya au iliyoboreshwa itumike na iwafae watu. Mfano uko hapa hapa nyumbani. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara walieneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Chandarua kilikuwapo tangu zamani, na dawa ya mbu ilikuwapo. Kilichokuwa kipya ni utaratibu wa kukifikisha kwa watu, pamoja na jina ambalo kila msikiaji alilielewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne kuliongezeka kwa asilimia 27 miongoni mwa waliotumia vyandarua hivyo. Baadaye ukaja mpango wa nchi nzima ulioanza mwaka 2004, ambao sasa umekwisha, uliowapa wajawazito karatasi ya kununulia chandarua kwa bei nafuu. Karatasi hiyo iliitwa Hati Punguzo. Yeyote aliyebuni jina hilo alifanya kazi ya Baraza bila kuajiriwa na Baraza: maneno mawili tu, na mama anajua kwamba ameshika hati na kwamba bei itapungua.

Kwa hiyo daktari wetu, ambaye vidonge vyake vinajulikana tangu zamani na utaratibu wake ndio mpya, asiandike kwamba amevumbua tiba. Aandike kwamba anapima ubunifu katika utoaji wa tiba iliyopo. Mhakiki atamheshimu kwa kusema kweli, na andiko litapimwa kwa kipimo chake.

4. Ruhusa, idhini, kibali na ridhaa

Tumefika mahali ambapo neno moja laweza kumdhulumu mtu. Maneno haya manne yametoka katika Kiarabu, na katika mazungumzo hubadilishana nafasi bila madhara. Katika utafiti wa afya hayabadilishani.

Ruhusa ni neno la jumla la kumwachia mtu afanye jambo. Idhini ni ruhusa itolewayo na mwenye cheo kwa mujibu wa kazi yake, kama mganga mkuu anapoidhinisha chumba cha hospitali kitumike. Kibali ni idhini iliyoandikwa, yenye namba, tarehe na mwisho wake. Utafiti wa afya huhitaji kibali cha maadili kinachotolewa baada ya kamati husika kuridhika kwamba watu hawataumizwa wala kudanganywa, na ikiwa ni majaribio ya dawa huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Vyote hivyo hutolewa na wakubwa.

Ridhaa ni neno la namna nyingine kabisa. Humaanisha moyo kuwa radhi. Ridhaa haitolewi na ofisi wala haigongewi muhuri. Huitoa mtu mwenyewe juu ya mwili wake, baada ya kuelezwa akaelewa, na aweza kuiondoa wakati wowote bila kutaja sababu. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizoandikwa baada ya ukatili waliofanyiwa wafungwa kwa jina la sayansi, ziliiweka ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likawa mwongozo wa madaktari wa dunia juu ya jambo hilo.

Sasa tumwangalie mama mjamzito wa mfano wetu. Kabla mhojaji hajafika kwake, andiko limepata kibali cha taifa, barua ya mkoa, barua ya wilaya, sahihi ya mtendaji wa kata na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Mhojaji anamsomea karatasi iliyoandikwa: "Kibali cha kushiriki katika utafiti kimetolewa. Tafadhali weka sahihi." Mama huyu atafahamu nini? Atafahamu kwamba wakubwa wamekwisha kuamua, na yeye amebakiwa na kutii. Ataweka dole gumba. Karatasi itarudi ofisini ikiwa imekamilika, na kila aliyeisoma atasema sheria imefuatwa. Kumbe haikufuatwa, kwa kuwa aliyekuwa na neno la mwisho hakuambiwa kwamba neno la mwisho ni lake.

Tungeiandika karatasi hiyo namna hii: "Mama, tumeruhusiwa na Serikali kuja kukuomba. Ruhusa hiyo haikulazimishi. Ukikataa, utaendelea kutibiwa kliniki kama kawaida. Ukikubali, na baadaye ukabadili nia, utatuambia nasi tutaacha." Hakuna istilahi ngumu hapa, ila kila sentensi imesimama juu ya tofauti ya kibali na ridhaa.

Kwa sababu hiyo hiyo tunapendelea neno mshiriki kuliko mtafitiwa. Mtafitiwa anatendewa, mshiriki anatenda. Toleo la Azimio la Helsinki la mwaka 2024 nalo limewaita watu hao washiriki, likaliacha neno la zamani lililowafanya waonekane kama vitu vya kuchunguzwa. Kiswahili hakikuwa na haja ya kungoja mwaka huo, kwani neno lilikuwamo.

5. Maneno yanayofika mlangoni

Yapo maneno ambayo mezani hayana taabu, bali mlangoni yana taabu kubwa.

Kidonge kisicho na dawa, ambacho hupewa kundi moja ili kulinganisha, wengi hukiita dawa bandia. Lakini dawa bandia ni jina la dawa za kughushi, ambazo Serikali huzikamata na kuziteketeza. Mshiriki akisomewa kwamba huenda atapewa "dawa bandia", atadhani anafanyiwa uhalifu. Tuseme kidonge kisicho na dawa, na tueleze kwa nini kinatumika. Nalo kundi linalopewa kidonge hicho, au linaloendelea na utaratibu wa zamani, tuliite kundi linganishi.

Kupanga washiriki katika makundi bila upendeleo huelezwa kwa maneno bahati nasibu. Wataalamu wa takwimu husema uteuzi nasibu, na ni sahihi. Kwa mwananchi, bahati nasibu ni mchezo wenye zawadi, na asiyepata zawadi amekosa bahati. Afadhali kusema: "Makundi yatagawanywa kwa kura. Si daktari atakayechagua, wala si wewe."

Fidia ni malipo ya dhara lililompata mtu. Nauli anayorudishiwa mama kwa kufika kliniki si fidia. Iitwe marudisho ya nauli, ili neno fidia libakie pale linapohitajika kwelikweli, yaani atakapodhurika kutokana na utafiti.

Mwisho ni damu. Watu wa pwani na wa bara wanalijua neno mumiani, na hofu ya mumiani iliwahi kuwatia mashaka watu waliotolewa damu katika kampeni za afya za wakati wa ukoloni. Hofu hiyo tusiicheke.  Karatasi inayosema "tutachukua sampuli ya damu" haijaeleza kiasi, wala mahali inakopelekwa, wala mwisho wake. Ikiwa kinachohitajika ni mililita 5, tuandike "kiasi cha kijiko kimoja cha chai", tutaje maabara, na tuseme kama damu itatupwa au itahifadhiwa. Habari za mshiriki ni taarifa binafsi, na tangu mwaka 2022 zina sheria yake Tanzania. Tuahidi kuzitunza kwa siri, lakini tusiandike kwamba "utafiti huu ni wa siri", kwa maana utafiti wa siri ndio hasa unaoogopwa.

6. Marejesho, mrejesho na marejeo

Kazi ikiisha, mtafiti hukabiliwa na maneno matatu ya ukoo mmoja. Kurejesha masurufu, katika desturi ya ofisi za Serikali, ni kutoa hesabu kwa stakabadhi na kurudisha kilichosalia. Mgeni wa ofisi akiambiwa "rejesha masurufu" hudhani anadaiwa fedha zote. Mrejesho ni kuwapelekea wanakijiji habari ya yale yaliyobainika. Marejeo ni orodha ya vitabu na makala yaliyotumiwa. Tunayataja pamoja kwa kuwa maandiko mengi hutenga fedha kwa jambo la kwanza na muda kwa jambo la tatu, na kusahau la pili. Mama aliyetoa kijiko chake cha damu ana haki ya kujua damu hiyo ilisema nini. Gharama ya mkutano wa mrejesho iandikwe katika makisio tangu siku ya kwanza.

Hitimisho

Haya tuliyoyaeleza si sheria, bali ni mapendekezo yanayoletwa mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali ili yapimwe. Msingi wake ni mmoja: neno litakalotumika mlangoni pa mshiriki lichaguliwe siku andiko linapoandikwa, lisingoje siku ya mwisho. Mtafiti anayejiuliza mapema, "Hili nitamwambiaje mama yule?", huigundua dosari ya mpango wake kabla kamati haijaigundua. Mara nyingi jambo lisiloelezeka kwa Kiswahili ni jambo ambalo mwenyewe hajalielewa.

Yapo maneno ambayo hatukuyagusa. Hojaji na dodoso bado yanashindana, na faragha na siri bado yanachanganywa. Kila mwenye ujuzi katika hospitali, maabara au ofisi ya uhasibu anaombwa atuletee maneno yanayotumika kwake, pamoja na sentensi alizoyasikia ndani yake. Mahali pa kuyapimia ni kwa yule anayesomewa karatasi. Mtafiti na amwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe, na akisikia maana nyingine asimlaumu msikilizaji, bali airudie karatasi yake.